Digrii Nyingine, Mkopo Nani Atoe?

Msikilizaji, kila dirisha la maombi ya mikopo linapofunguliwa Tanzania, macho huelekezwa kwa wahitimu wa kidato cha sita. Yupo mwombaji mwingine asiyetajwa sana: mwalimu mwenye digrii yake, anayetaka kuanza upya na kusomea uuguzi.

Huyu milango yake ni michache. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, inatanguliza wanaosaka shahada ya kwanza, na mwenye ajira rasmi hana nafasi. Mshahara huohuo unaomnyima mkopo mpya unakatwa asilimia 15 kila mwezi kulipia ule wa zamani. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016, makato yalikuwa asilimia 8. Ni kweli, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na watu wakapumua. Lakini ada ya chuo haiwezi kutoka humo.

Hoja ya kutanguliza kijana ambaye hajakanyaga chuo ina uzito, nami siipingi. Ila England nako walikuwa na mwiko kama huu, wakautoboa: tangu mwaka 2017, mwenye digrii anayerudi kusomea uuguzi anaweza kukopeshwa tena. Hospitali zilihitaji watu. Je, zahanati zetu zina wauguzi wa ziada? Bodi ingeanza na kozi chache tu, zile ambazo serikali yenyewe inalia kukosa wataalamu, na rekodi nzuri ya marejesho ya mkopo wa kwanza ikawa ndiyo sifa ya mwombaji.