Madoa Gizani: Jinsi Konokono wa Kale Anavyopata Jina



Nimekuja na gamba mkononi. Ni la konokono wa bahari, urefu wake kama kidole changu cha mwisho, umbo lake kama pia wanayochezea watoto. Limetoka ndani ya jiwe. Ni jeupe kama chokaa, halina doa wala mstari. Mkiniuliza ni la spishi gani, kwa macho matupu siwezi kuwajibu. Jioni hii nataka kueleza kazi inayofanyika tangu siku gamba la namna hii linapookotwa hadi siku mtu anapothubutu kuandika kwamba huyu hajawahi kupewa jina.

Jenasi yake ni Conus. Carl Linnaeus aliipa jina hilo mwaka 1758, na spishi zilizo hai leo zinapita 700. Hata miambani kwetu wapo, na watoto wakanywe wasiwashike: Conus geographus ana sumu inayoweza kuua mtu. Ugumu wa jenasi hii ni kwamba maumbo yanafanana mno. Aliye hai tunamjua kwa nakshi za gamba: huyu ana pembetatu zilizopangana kama mahema, yule ana mistari iliyokatikakatika. Kisukuku kimekwisha pauka. Tunabaki kupima urefu na upana, kuhesabu mizunguko ya kilele, na kupapasa bega la gamba kama lina vinundu au ni laini. Vipimo hivi vinasaidia, na mara nyingine vinadanganya. Konokono mchanga hafanani na mzima. Gamba lililosuguliwa na mawimbi hupoteza vinundu vyake. Ndiyo maana fani yetu ina wanyama wengi waliopewa majina mawili au matatu, na kila mara inabidi turudi nyuma tuulize lipi lilitangulia, kwa kuwa la kwanza ndilo lenye haki.

Sasa twende Jamhuri ya Dominika. Kaskazini ya nchi hiyo, katika bonde la Cibao, mito imekata kingo zake ikafichua matabaka ya bahari ya kale yaliyojaa magamba. Mwaka 1916 Carlotta Maury, bingwa wa visukuku kutoka Marekani, aliongoza msafara huko wakati nchi iko katika machafuko. Karibu miaka 100 baadaye, Jonathan Hendricks, Mmarekani pia, alichunguza magamba zaidi ya 350 ya Conus na jamaa zake wa karibu kutoka nchi hiyo, yenye umri wa kati ya miaka milioni 4.8 na 6.6. Aliyatazama chini ya taa ya urujuanimno.

Mnivumilie nieleze utaratibu, maana utamu uko hapo. Gamba hulowekwa kwenye dawa ya kupaushia nguo, likasuuzwa, likakaushwa. Taa za chumba zinazimwa. Urujuanimno wenyewe hatuuoni, lakini masalia ya rangi ndani ya gamba huupokea na kutoa mwanga tunaouona. Gamba lililokuwa tupu mchana linaanza kuwaka mistari na vitone, safu kwa safu, kuzunguka mwili wake. Picha inakuwa kinyume: palipokuwa na rangi panang'aa, palipokuwa peupe panabaki giza, hivyo mtafiti huigeuza. Nakshi tunaipata. Rangi yenyewe, kama ilikuwa kahawia au nyekundu, taa haitwambii.

Hendricks alitenganisha spishi 28, na mwaka 2015, katika jarida la PLOS ONE, akazitangaza 13 kati yake kuwa mpya. Moja ni Conus carlottae, yaani Conus wa Carlotta. Gamba lake limejaa madoa makubwa ya duara, nakshi ambayo inaelekea haipo tena kwa Conus yeyote aliye hai.

Watu husifu taa. Mimi nasifu wingi wa magamba. Gamba moja lenye madoa lingeweza kuwa kioja tu, kama paka mwenye vidole sita. Magamba mengi ya tabaka moja ndiyo yanayoonyesha mpaka wa tofauti za ndugu na mwanzo wa tofauti za spishi. Tena kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinamtaka mwandishi ateue kielelezo kinachobeba jina na kusema kinahifadhiwa wapi, ili mwingine aende akakikague na, ikibidi, ampinge. Jina lisilo na gamba la kukagua ni uvumi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya pwani yetu. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ukisogea karibu utaona magamba yaliyomo. Mwaka 1927 L. R. Cox wa London alichapisha maelezo ya makoa wa kale wa Unguja na Pemba. Tangu hapo taa na vitabu vimeongezeka. Kabati zetu za kuhifadhia magamba bado ni chache.

Basi wanafunzi wangu, na wewe mchonga mawe utakayesoma mhadhara huu: ukikuta gamba ndani ya jiwe, usilisugue. Andika tarehe, mahali na tabaka ulipolikuta, lifunge pamoja na karatasi hiyo, kisha utuletee.