Pombe ya Sherehe: Kiasi Gani Kinatosha?

Msimu wa harusi na ruracio ukifika hapa Kibugu, kamati hukaa chini na kugawana kazi. Sisi akina mama tunapewa mchele, nyama na chai. Pombe huachiwa wazee, na hakuna anayeuliza itakuwa ngapi. Leo ningependa wewe mama uulize, maana ikizidi, atakayekesha na mgonjwa ni wewe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mmealika watu 200. Ondoa watoto na vijana wote walio chini ya miaka 18. Ondoa waja wazito na wanaonyonyesha. Ondoa madereva na vijana wa bodaboda watakaorudisha wageni mjini Embu. Ondoa wanaotumia dawa, kama vile za kifua kikuu au kisukari, na wale ambao kanisa lao haliruhusu. Huenda wakabaki watu 50. Kila mmoja akipata chupa mbili za bia za mililita 500, hizo ni chupa 100. Kreti moja hubeba chupa 25, kwa hivyo ni kreti 4. Mtu atasema kreti 4 ni aibu. Aibu gani, na wageni wamekula wakashiba?

Mbona chupa mbili? Ini la mtu mzima huhitaji kama saa mbili kuondoa kileo cha chupa moja. Kahawa kali au maji baridi ya kichwani hayaliharakishi.

Pombe kali ndiyo huwapotosha wengi. Chupa moja ya mililita 750, yenye kileo cha asilimia 40, ina kileo sawa na chupa 14 hivi za bia. Hivyo chupa 7 tu za pombe kali ni kama zile kreti 4. Mkiweka zote mbili mezani, mmeongeza maradufu.

Muratina ya ruracio ni mila yetu, nami siipingi. Lakini nguvu yake haijaandikwa kwenye kibuyu. Wazee waonje kidogo, wasichanganye na bia.

Sasa jambo la bei. Kamati ikiishiwa na pesa, hutokea mtu mwenye mtungi wa bei nafuu. Tafadhali, mama, kataa. Mwezi wa Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kitui na Kiambu, na wengine wakapofuka. Februari 2024 wakafa wengine kwa majirani zetu wa Kirinyaga. Methanoli huwezi kuijua kwa kuonja wala kunusa. Dalili zinaweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa kuuma, tumbo kusokota, kutapika, macho kuona ukungu. Ukimwona mtu hivyo, usingoje pombe imtoke kwa usingizi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na useme alikunywa nini.

Aliyelewa na kulala, mlaze kwa ubavu, si chali, ili matapishi yasimkabe. Asipoamka ukimtikisa, au akipumua polepole mno, huyo pia ni wa hospitali.

Na watoto? Mtoto huamka mapema kuliko mlevi, akakuta vikombe vyenye masalio chini ya meza. Kiasi kidogo tu hushusha sukari mwilini mwake na kinaweza kumzimisha kabisa. Teueni mtu mmoja asiyekunywa, amwage masalio yote usiku huo huo kabla ya kulala. Kreti ambazo hazikufunguliwa mzirudishe. Kubalianeni na muuzaji kuhusu hilo kabla ya kumlipa.