Siku ya Gulio Haihamishwi

Leo tunakwenda Ufaransa, ila Paris hatufiki. Tunakwenda shamba, kwenye miji midogo ambayo ukipita siku ya kawaida utadhani wenyewe wamehama, na siku moja tu kwa juma hupati hata pa kuegesha gari. Siku hiyo ni ya gulio.

Waliotembea huko wakirudi husimulia harufu na rangi: jibini za kila umbo, zeituni kwenye mapipa, mikate yenye ganda gumu, vitunguu saumu vilivyosukwa mafungu. Sina ugomvi nao. Ila mimi nikilitazama gulio la Ufaransa, kitu cha kwanza ninachokiona ni sheria. Nani aliamua soko liwe Jumatatu na si Jumanne? Nani anashika kipimo? Nani anaruhusiwa kununua kwanza? Maswali hayo matatu yamewagombanisha watu kule kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kuna nyakati yalitoa roho za watu.

Tuanze na siku. Mwaka 864 mfalme Charles, aliyejulikana kwa jina la utani la Kipara, mjukuu wa Charlemagne, alitoa amri mahali paitwapo Pîtres, karibu na mto Seine. Wanahistoria huikumbuka zaidi amri ile kwa mambo ya sarafu na ya ulinzi dhidi ya maharamia wa Kaskazini, waliokuwa wakipanda mito kwa mashua zao na kupora. Lakini ndani yake kuna kifungu cha masoko. Kila mtawala wa jimbo aliagizwa kuandika orodha ya masoko yote yaliyo chini yake, ili aweze kumweleza mfalme yapi yalikuwapo tangu enzi za babu yake, yapi yalianza wakati wa baba yake, yapi yamezuka sasa hivi, na kama soko limehamishwa, limehamishwa kwa idhini ya nani. Tena soko lisifanyike Jumapili, popote pale. Ukiisoma orodha hiyo utaona kwamba mfalme hana habari na vitunguu wala kuku wa mtu. Anachotaka kujua ni kibali.

Sababu, kama mnavyokisia, ni fedha. Mkulima aliyeingia sokoni alitozwa kwa kuingiza mzigo, akatozwa kwa kupanga bidhaa zake, na akiwa ameleta nafaka alitozwa hata kwa kupimiwa. Aliyemiliki soko alikuwa na kisima kisichokauka. Ndiyo maana katika karne ya 13 na ya 14, kusini magharibi mwa nchi, wafalme na makabaila walishindana kujenga miji mipya kwa mamia, miji inayoitwa bastide, na kila mmoja ukapewa uwanja wa soko katikati.

Mji wa Monpazier ni mfano mzuri. Uliasisiwa mwaka 1284 na Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, kwa kuwa wakati huo mfalme wa Uingereza ndiye pia aliyekuwa mtawala wa Aquitaine. Ukiutazama kwenye ramani utadhani umechorwa kwa rula: mitaa imenyooka na kukatana sawasawa, na katikati upo uwanja wa mraba. Nyumba zinazouzunguka zina matao ya mawe mbele, watu wapite kivulini na mvua isiwaguse. Upande mmoja wa uwanja kuna banda kubwa la soko lisilo na kuta, paa zito juu ya nguzo za mbao. Gulio la Monpazier ni Alhamisi.

Chini ya banda lile bado vimehifadhiwa vipimo vya zamani vya nafaka. Katika mji mwingine wa huko huko kusini, Caylus, vipimo vimechongwa kwenye jiwe lenyewe, mabakuli ya mviringo yaliyozama ndani ya mwamba. Jiwe halipunguzwi usiku mtu akiwa amelala. Ngano ilimiminwa humo mbele ya macho ya wote, ikajaa, kisha ukaja ugomvi wenyewe: je, ipitishwe kijiti juu isawazike na ukingo, au iachwe na kilima chake? Kilima kile kilikuwa mali. Kabaila aliyepokea kodi ya nafaka alitaka kipimo chenye kilima. Akiuza, alipitisha kijiti. Wasikilizaji wa Tanzania hawahitaji maelezo marefu hapa, wanaijua lumbesa, gunia lenye kilima. Isitoshe, kila mji ulikuwa na kipimo chake, hata jina likiwa moja. Mwaka 1789, wananchi walipotakiwa kuandika malalamiko yao yapelekwe kwa mfalme, mojawapo ya maombi yaliyorudiwa kutoka pande nyingi za nchi lilikuwa hilo: tupeni kipimo kimoja.

Sasa swali la nani ananunua kwanza. Katika miji mingi soko la nafaka lilifunguliwa kwa kengele. Kabla ya kengele, kuuza ilikuwa kosa, na kumngoja mkulima njiani ununue mzigo wake kabla hajafika lilikuwa kosa kubwa zaidi. Kengele ikilia walianza watu wa kawaida wanaonunua chakula cha nyumbani. Baada yao waoka mikate. Mfanyabiashara wa jumla, mwenye fedha nyingi na magari ya farasi, alingoja mwisho. Kanuni hizi zilivunjwa mara nyingi, bila shaka, lakini watu walizijua na walizishikilia.

Basi mwaka 1774 akaingia waziri wa fedha aliyeitwa Turgot, mtu msomi, aliyeamini kwamba biashara ikiachwa huru nafaka itafika yenyewe panapohitajika. Septemba 13 mwaka huo serikali ikaondoa vizuizi vya biashara ya nafaka. Mtu akaweza kuuza hata nje ya soko. Kwa bahati mbaya mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba. Bei ikapanda majira yote ya baridi. Aprili 27, 1775, siku ya soko katika mji wa Beaumont-sur-Oise, kaskazini mwa Paris, watu walichoka. Wakaizuia nafaka, na walichofanya baadaye ndicho kinachonivutia: wengi wao hawakuondoka na gunia bure. Walitaja bei waliyoiona ya haki, livre 12, fedha ya wakati ule, kwa setier moja, kipimo cha karibu lita 156, wakalipa, wakachukua. Mtindo huo ukasambaa soko kwa soko, mfano wa moto wa nyika. Mei 2 ulifika Versailles, Mei 3 ukaingia Paris. Serikali ikamwaga askari, na Mei 11 watu wawili, mmoja mtengeneza nywele za bandia na mwingine mfuma vitambaa, wakanyongwa hadharani mjini Paris. Wafaransa huziita ghasia hizo Vita vya Unga. Turgot alikuwa na hoja zake, na wachumi wengi hadi leo humtetea. Lakini alidhani soko ni mahali pa kubadilishana nafaka kwa fedha basi, kumbe kwa watu wale lilikuwa pia mahali pa kumwona mwenye nafaka uso kwa uso.

Miaka michache baadaye alipita Mwingereza Arthur Young, bingwa wa kilimo, akiandika kila alichokiona safarini. Karibu na mji wa Arras, siku ya soko na katikati ya msimu wa mavuno, alikutana na msururu wa punda, kila mmoja na kamzigo kadogo tu, pamoja na umati wa wanaume kwa wanawake. Alikasirika kweli. Nguvu kazi yote ile, akaona, inapotezwa kulisha mji ambao Uingereza ungelishwa na watu wachache mno. Kwa hesabu za shambani alikuwa sahihi. Ila punda yule hakubeba mayai tu. Bwana wake alikuwa na deni la kulipa, hati ya kuandikisha kwa mwanasheria, binti wa kutafutiwa mchumba, habari za kupokea. Na mke, katika sehemu nyingi za nchi, fedha ya mayai, kuku na siagi ilikuwa mkononi mwake. Siku ya soko ndiyo siku aliyoshika chake.

Yakaja Mapinduzi. Ushuru wa makabaila sokoni ulifutwa mwaka 1790, na vipimo vya mita na kilo vikatungiwa sheria mwaka 1795, ingawa ilichukua hadi Januari 1, 1840 ndipo vikawa vya lazima kabisa. Hata leo mwuza matunda wa Ufaransa atakupimia livre moja ya cheri, kwa jina la uzani wa zamani, na wote wawili mnaelewa ni nusu kilo.

Kioja chenyewe kilikuwa kalenda. Mwaka 1793 serikali ya Mapinduzi ilifuta juma la siku saba. Mwezi ukagawanywa mara tatu, siku kumi kumi, na siku ya kumi ndiyo ya mapumziko. Jumapili haipo. Jumatatu haipo. Sasa wewe ulizoea kwenda gulio kila Jumatatu, baba yako kabla yako hivyo hivyo. Unaambiwa twende siku ya tatu ya kumi. Wakulima walifanya kama hawajasikia. Mwaka 1798 serikali ikaona ikaze kamba: ikaamuru masoko yote yapangwe upya kwa kalenda mpya, na kwa masoko ya samaki ikaongeza sharti kwamba siku zake zisiangukie siku ambazo Wakatoliki hawali nyama, yaani Ijumaa hasa. Fikirini serikali ya nchi kubwa, yenye vita mipakani, inakaa kitako kumpangia mwuza samaki asifanye biashara siku ambayo wateja wanataka samaki! Januari 1, 1806 Napoleon aliizika kalenda ile rasmi. Jumatatu ilikuwa imekwisharudi kabla ya ruhusa yake.

Karne iliyopita ilileta mapigo mengine. Saint-Pierre-sur-Dives, mji wa Normandy, una banda la soko la zama za kati, refu na la juu utadhani kanisa. Mwaka 1944, katika mapigano ya kuikomboa nchi, liliteketea. Mji maskini uliotoka vitani ungeweza kuweka zege na bati ukaendelea na mambo mengine. Walilijenga upya kama lilivyokuwa, mbao kwa mbao, likishikwa kwa maelfu ya vigingi vya miti kama walivyofanya mafundi wa kale. Gulio lake bado ni Jumatatu. Kisha Juni 15, 1963, huko Sainte-Geneviève-des-Bois, kusini mwa Paris, Carrefour ilifungua duka kubwa la kwanza la aina yake nchini, lenye kila kitu chini ya paa moja na nafasi ya kuegesha mamia ya magari. Magulio mengi madogo yalikonda, minada mingi ya mifugo ikafa. Lakini hayakwisha. Leo mwenye soko ni baraza la mji. Asubuhi hupita ofisa mwenye daftari, anatoza kwa urefu wa meza, mita kwa mita. Wenye nafasi za kudumu wanajulikana; wageni husimama kando wakingoja saa ipite, ndipo nafasi za wasiofika zigawanywe.

Ukipata safari, nakushauri magulio matatu. La kwanza ni Louhans, upande wa Bresse, Jumatatu, chini ya matao marefu ya barabara kuu. Huko nenda kwenye kuku. Kuku wa Bresse ana manyoya meupe, kilemba chekundu na miguu ya buluu, rangi tatu za bendera ya taifa, na jina lake linalindwa na sheria tangu mwaka 1957. La pili ni Saint-Christophe-en-Brionnais, Jumatano, mnada wa ng'ombe weupe aina ya Charolais. Mnunuzi na mwuzaji hunong'ona pembeni, bei haitajwi kwa sauti, na wakikubaliana hupigana viganja. Kiganja kikishalia hakuna kurudi nyuma. Siku hizi pale pale upo pia mnada wa mashine, bei zikionekana kwenye ubao wa umeme, na wazee wa viganja wanautazama kwa jicho la pembeni.

La tatu ni Lalbenque, Jumanne za majira ya baridi, Desemba hadi Machi. Bidhaa ni moja tu: trufe, uyoga mweusi unaoota chini ya udongo kwenye mizizi ya mialoni, unaonuswa na mbwa, na ambao kilo yake huuzwa kwa mamia ya euro. Wauzaji hupanga vikapu vyao juu ya mabenchi, kila kikapu kimefunikwa kitambaa. Wanunuzi wako upande wa pili, na katikati imepita kamba. Huruhusiwi kuvuka. Saa nane na nusu mchana inapulizwa filimbi, kamba inaondolewa, na baada ya dakika chache vikapu vingi vimekwishapata wenyewe.

Kwa magulio ya asubuhi, fika saa tatu. Msalimu mwuzaji kabla ya kuuliza bei, maana asiyesalimu huhudumiwa mwisho. Usibonyeze matunda, mwambie unayataka ya kula leo au kesho, atakuchagulia. Chukua fedha taslimu, ndogo ndogo. Na ikifika saa saba usitegemee kitu, meza zimekunjwa na gari la kufagia limeingia uwanjani.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutakuwa Provins na Troyes, kwenye masoko makubwa ya Champagne ya karne ya 12 na ya 13, ambako wafanyabiashara wa Italia walikutana na wauza vitambaa wa Flanders.