Ukinyimwa leseni ya uuguzi kwa kesi ya zamani, si mwisho wa safari
Hotuba kwa wakazi wa Kiganjo, Thika



Leo nazungumzia jambo ambalo familia nyingi hulisema kwa kunong'ona. Chukueni mfano wa msichana wa mtaa huu. Akiwa na miaka 19 alikamatwa kwenye msako wa chang'aa, akakiri kosa mahakamani na kulipa faini. Baadaye akasomea uuguzi, akafuzu. Sasa anaomba leseni, na ile kesi inamfuata. Akijibiwa "hapana", nyumbani husemwa: karo imepotea. Haijapotea bado.

Kwanza, jua ni nani aliyekukataa. Leseni hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya, chini ya Sura ya 257 ya Sheria za Kenya. Sisi wa kaunti huajiri tu. Hospitali ikikunyima kazi, hilo ni jambo jingine, wala si kunyimwa leseni.

Pili, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki hiyo. Na kwa sheria ya mwaka 2015 inayotekeleza kifungu hicho, ofisi isipotoa sababu, mahakama huchukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Peleka barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, jibu kwa ushahidi. Leta nakala ya hukumu na stakabadhi ya faini, zionyeshe kosa lilikuwa gani na lilikwisha lini. Ongeza barua za chifu, mwalimu wako wa chuo na msimamizi wa wodi uliyofanyia mazoezi. Kuuza chang'aa ukiwa kijana si sawa na kuiba dawa za mgonjwa. Eleza tofauti hiyo bila kujitetea kupita kiasi.

Nne, maliza njia za rufaa zilizoko kabla ya kwenda Mahakama Kuu. Mahakama huangalia zaidi kama ulisikilizwa kwa haki. Inaweza kufuta uamuzi na kuagiza ufanywe upya. Usikae na barua kabatini, kwani siku za rufaa zinahesabiwa. Kama huna pesa za wakili, iendee Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Tume ya Haki ya Utawala nayo hupokea malalamiko bila malipo.

Wazazi, kabla ya kulipa karo, mwombeeni mtoto cheti cha mwenendo mwema cha polisi kupitia eCitizen, mjue mapema kilichoandikwa.

Na vijana, msifiche. Kosa la zamani linaweza kuelezwa. Uongo kwenye fomu ya leo ni kosa jipya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.