Masafa Baina ya Doha na Unguja
(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Al Thumama)



Nimepewa heshima ya kusema machache, nami nimechagua jambo linalotugusa sote: masafa baina ya Doha na Unguja.

Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 3,750. Huenda wengine mkastaajabu kwamba Maskati, tuliyozoea kuiona jirani zaidi na Unguja, iko mbali kuliko Doha kwa kilomita zipatazo 160. Ndege isiyotua njiani hutumia saa sita hivi. Wala msafiri hana haja ya kugeuza saa yake, kwani Qatar na Tanzania hufuata majira mamoja.

Babu zetu walihesabu kwa pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Ghuba, kusi ikayarudisha. Habari ya msiba ilisafiri kwa chombo hicho hicho, ikafika arubaini imekwisha kupita.

Hata hivyo, tusidhani kwamba anga ni njia isiyo na vizuizi. Mwezi Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar na kuzifungia anga ndege zake. Hadi Januari 2021, ndege za Qatar ziendazo Afrika ya Mashariki zilizunguka kupitia Iran na Oman. Kadhalika, kabla ya sheria ya mwaka 2018, wafanyakazi wengi wa kigeni hapa hawakuweza kutoka nchini bila ya idhini ya mwajiri. Watumishi wa majumbani waliondolewa sharti hilo Januari 2020. Kwa aliyenyimwa idhini, Unguja ilikuwa mbali kuliko zama za majahazi.

Nayasema haya kwa sababu ya maziko. Kwetu maiti hacheleweshwi. Anayefariki alfajiri huenda akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri au alasiri. Jumlisha kutafuta tikiti, kungojea ndege, kuwahi uwanjani mapema na saa sita za angani: mtoto aliyeko Doha atawahi matanga, lakini kaburini ni nadra kufika. Aliyeko London, umbali wa kilomita zipatazo 7,450, hali yake ni nzito zaidi.

Basi, ndugu zangu, kwa kuwa hatuwezi kuyawahi mauti, tuwawahi wazee wetu wangali hai. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuanzishe mfuko wa nauli, kila nyumba ichangie kwa kadiri ya uwezo wake. Pili, tupange zamu, ili usipite mwaka bila ya mmoja wetu kuketi barazani na wakubwa wetu, awasikilize na kuwauguza. Tatu, kila mtu aitazame pasipoti yake leo, asingoje simu ya usiku ndipo agundue kwamba imekwisha muda.

Kutoka mtaa huu wa Al Thumama hadi Uwanja wa Ndege wa Hamad ni mwendo mfupi wa gari. Tusiifanye njia hiyo kuwa ya misiba peke yake.

Namwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri wenye afya, na atukutanishe tena kwa kheri.