Paka Mwenye Shahada

Bunge lilipopitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, watabiri wa vijiweni hawakukawia. Eti shahada zitauzwa dirisha moja na stempu. Eti postamasta atavaa joho. Eti mtu atamwandikisha mbuzi wake, na mbuzi atafaulu! Tulicheka sana, maana mzaha ulikuwa mtamu.

Utabiri wa mbuzi haukukosea sana. Mwaka 2004, huko Marekani, wapelelezi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la Pennsylvania walimwombea paka mmoja, Colby Nolan, shahada ya biashara katika kinachoitwa chuo kule Texas. Bei ilikuwa dola 299. Chuo kikajibu kwamba kwa uzoefu wa kazi alio nao mwombaji, anastahili shahada ya uzamili, aongeze tu dola 100. Paka akaletewa cheti, na alama nzuri juu yake. Wenye chuo wakaletewa mashitaka.

Sasa hapo ndipo mzaha wetu unapompiga asiyehusika. Paka yule hakufanya mtihani hata mmoja. Lakini mfikirie karani wa halmashauri kule Songea. Mchana yuko kazini, jioni ana watoto, usiku ndipo anafungua vitabu. Siku ya mtihani anakwenda kituo cha mkoa, anakaa mbele ya msimamizi kama mwanafunzi mwingine yeyote, na akishindwa anarudia. Miaka inapita. Siku anapopeleka cheti ofisini ili afikiriwe cheo, mkubwa wake anakigeuza-geuza na kuuliza, "Hii ni ile ya posta?" Ofisi nzima inacheka. Mtu huyo amenyang'anywa jasho lake kwa sentensi moja.

Dharau hii si yetu peke yetu. Uingereza, mwanasiasa Iain Macleod aliliita wazo la chuo kikuu huria upuuzi mtupu. Chuo chenyewe kilianza kufundisha mwaka 1971 na hakijafunga milango. Tena, Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kwa njia hiyo hiyo, kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa. Nani atamwuliza kama ilikuwa ya posta?

Halafu ukaja mwaka 2020. Corona ikafunga vyuo vikuu vyenye majengo na historia ndefu, na maprofesa wengi duniani wakafundishia sebuleni, mbele ya kompyuta. Mzaha wa stempu sikuusikia mwaka ule.

Mimi naomba maofisa wa ajira wabadili swali. Umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi hauwaambii lolote. Waulize nani alitunga mtihani, nani alisahihisha, na je, wako walioanguka? Kama chuo hakijulikani, Tume ya Vyuo Vikuu ipo, waiulize. Vyeti vya akina Colby Nolan vitakwama hapo hapo, hata vikiwa na muhuri wa dhahabu.

Na kwa kuwa kila mtu anatabiri, nami natabiri: ipo siku yule karani wa Songea atakaa upande wa pili wa meza, na aliyemcheka ataleta cheti chake kikaguliwe.