Soriasisi Haiambukizi: Tuipime Ngozi Nyumbani Desemba Hii
(Hotuba ya Kamati ya Afya katika harambee ya mwaka)

 

Katika harambee zilizopita tumezungumzia maji, madawati na barabara. Leo kamati ya afya inaomba tuzungumzie ngozi.

Wengi wetu tunamkumbuka mama mmoja wa kwetu, ambaye jina lake tunalihifadhi. Viwiko vyake, magoti na kichwa vilikuwa na mabaka mazito yenye magamba meupe. Tulisema ni ukoma. Wengine tulisema amerogwa. Msibani alitengewa kikombe chake peke yake, na sokoni ndizi zake hazikununuliwa. Miaka ilipita kabla hajafika kwa mtaalamu, akaambiwa ana soriasisi. Waliomtenga hawakuwa watu wa mbali. Ni sisi.

Soriasisi ni ugonjwa sugu unaotokana na kinga ya mwili kuichochea ngozi kupita kiasi. Ngozi ambayo kwa kawaida huchukua takriban mwezi kujibadilisha, kwenye baka hujibadilisha kwa siku chache tu, ndiyo maana magamba hurundikana. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kula pamoja wala kulala kitanda kimoja. Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliutambua rasmi kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na usio na tiba ya kuumaliza kabisa. Lakini unatulizwa, na mtu akaishi vizuri.

Kwa nini basi uchunguzi? Kwa sababu hakuna kipimo cha damu cha soriasisi. Kinachohitajika ni jicho lililofundishwa. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu, baka mara nyingi si jekundu. Huwa la zambarau, kijivu au kahawia iliyoiva. Kwa hiyo huitwa fangasi, ukurutu au ukoma. Kosa huenda upande wa pili pia: mwenye ukoma wa kweli, ambaye baka lake halihisi mguso, akiambiwa ni mzio tu, huchelewa kupata dawa inayoponya na inayotolewa bure.

Sasa tuseme ukweli wetu sisi wa mjini. Desemba tunapanda basi na zawadi: sukari, vitenge, na tyubu za krimu tulizonunua bila kuandikiwa na daktari. Krimu zenye steroidi zina kazi yake katika soriasisi, zikitumiwa kwa maelekezo. Zikipakwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba, na zikipakwa kwenye fangasi huificha huku ikienea. Vidonge na sindano za steroidi ni hatari zaidi: mgonjwa wa soriasisi akiziacha ghafla anaweza kutokwa na vipele vya usaha mwili mzima.

Tunapendekeza siku mbili za uchunguzi wa ngozi kwenye zahanati, wiki ya Krismasi, tukiwa wote nyumbani. Tutaomba wataalamu kutoka kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Kila atakayekuja ataangaliwa kichwani, nyuma ya masikio, viwiko, magoti, kiunoni na kucha, maana vishimo vidogo kwenye kucha ni mojawapo ya dalili. Ataulizwa kama vidole au mgongo hukakamaa asubuhi, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hupata ugonjwa wa viungo, na ukichelewa, viungo huharibika moja kwa moja. Atapimwa pia presha, sukari na uzito, kwani matatizo hayo mara nyingi huandamana na soriasisi. Yote yatafanyika nyuma ya pazia, kwa staha.

Mchango wenu utalipia usafiri wa wataalamu, posho zao, glavu, mafuta mazito ya kulainisha ngozi, na nauli za kwenda Moshi kwa watakaopewa rufaa. Hiyo nauli ndiyo tunayoililia zaidi. Kumwambia mtu ana ugonjwa wa maisha, kisha tukamwacha hana nauli ya kliniki, ni kumwongezea mzigo.

Kadi ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Aliye na elfu tano alete, aliye na zaidi asijizuie. Asiye nacho leo, basi afanye haya mawili: krimu zisizoandikwa na daktari aziache dukani, na akifika nyumbani anywe chai pamoja na ndugu aliyekuwa anamkwepa.

Mama yule yupo. Amesema siku hiyo atawahi kukaa foleni wa kwanza, ili wengine wasione haya. Tusimwache akae peke yake tena.